Skizofrenia na Baipola: Mtafiti Aweke Mpaka Wapi?

Mgonjwa mmoja anaweza kuandikiwa skizofrenia katika hospitali ya kwanza, baipola katika ya pili, na ya tatu ikaandika "saikosisi", yaani kutengana na uhalisia, na kuishia hapo. Ndugu zake hubaki na karatasi tatu na swali moja: huyu anaumwa nini hasa? Swali hilo linawasumbua pia wanafunzi wa uzamili na uzamivu katika saikolojia tiba wanaotaka kuyatafiti maradhi haya. Msimamizi mmoja humwambia mwanafunzi achague ugonjwa mmoja, asichanganye mambo. Mwingine humwambia kuwa kuyatenganisha ni fikra za karne ya kumi na tisa. Mwanafunzi hurudi maktaba akiwa na wasiwasi zaidi kuliko alivyoondoka.

Hili si suala la mpangilio wa makabrasha. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, watu takriban milioni 24 walikuwa na skizofrenia na milioni 40 walikuwa na baipola. Wenye maradhi makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko watu wengine, na mara nyingi kinachowaua ni magonjwa ya moyo, kisukari na maambukizi ambayo mtu mwingine angetibiwa akapona. Jinsi watafiti wanavyowagawa wagonjwa ndiyo huamua nani ataingizwa katika utafiti, swali gani litaulizwa, na tiba gani itajaribiwa.

Mwanasaikolojia ana kazi gani hapa?

Tuanze na mkanganyiko mdogo unaozaa mkubwa. Wengi hudhani mwanasaikolojia ni wa sonona, misiba na migogoro ya ndoa, na kwamba mtu anayesikia sauti zisizokuwepo ni wa daktari na sindano. Ni kweli kwamba daktari bingwa wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza na ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia tiba hupima kumbukumbu, umakini, hisia na mwenendo, hutoa tiba ya mazungumzo, na hukaa na familia. Elimu hiyo inatolewa katika ukanda wetu: Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Makerere na Nairobi vina shahada ya uzamili, na jijini Nairobi vipo vyuo vinavyofundisha hadi ngazi ya udaktari wa saikolojia.

Sasa tazama yanayomkuta mgonjwa baada ya kuruhusiwa kutoka wodini. Je, ataendelea na dawa? Atalala usiku? Ataacha bangi? Nyumbani watampokeaje? Atarudi kazini? Hayo ndiyo huamua kama baada ya miezi mitatu atarudishwa hospitali amefungwa kamba, na yote ni uwanja wa mwanasaikolojia. Kwa hiyo mwanafunzi wa saikolojia tiba hana sababu ya kuazima swali la mtafiti wa jeni au la daktari wa dawa. Analo swali lake, na mpaka anaouchora kati ya magonjwa haya mawili unapaswa kulitumikia swali hilo.

Mpaka ulikotoka

Mwaka 1899, katika toleo la sita la kitabu chake, daktari Mjerumani Emil Kraepelin aliugawa wendawazimu mkubwa katika mafungu mawili. La kwanza lilikuwa la wale ambao akili zao zilianza kudhoofika ujanani na kuzidi kudhoofika. La pili lilikuwa la wale waliopanda na kushuka kwa vipindi, leo msisimko uliopitiliza, kesho huzuni nzito, kisha wakarudi walivyokuwa. Kigezo chake hakikuwa dalili za siku moja. Alikuwa na kadi ya kila mgonjwa, akaufuata mwendo wa ugonjwa kwa miaka. Jambo hili hutajwa haraka darasani na kusahaulika, nalo ndilo muhimu kuliko yote: mgawanyo huo ulizaliwa kutokana na kufuatilia watu kwa muda mrefu.

Mwaka 1908 Mswisi Eugen Bleuler alilipa fungu la kwanza jina la skizofrenia, na akasisitiza kwamba si kila aliyenalo huishia kuharibikiwa. Mwaka 1933 Jacob Kasanin, aliyefanya kazi Marekani, aliwaeleza wagonjwa waliokaa katikati, wenye dalili za pande zote mbili kwa pamoja, na kundi hilo likaitwa skizoafektivu. Kraepelin mwenyewe aliandika mwaka 1920 kwamba wapo wagonjwa wengi aliokuwa akishindwa kuwaweka upande wowote.

Baadaye ikaja aibu ya kitaaluma. Utafiti uliochapishwa mwaka 1972 ulilinganisha hospitali za New York na za London. Madaktari wa New York walikuwa wakiandika skizofrenia mara nyingi zaidi, na wenzao wa London wakiandika maradhi ya hisia. Timu moja ya watafiti ilipowapima wagonjwa wa miji yote miwili kwa vigezo vilevile, sehemu kubwa ya tofauti ile iliyeyuka. Waliotofautiana walikuwa madaktari. Hapo ndipo miongozo yenye masharti ya wazi ilipopata nguvu, kuanzia toleo la tatu la mwongozo wa Marekani, DSM, mwaka 1980.

Hata hivyo miongozo nayo haikubaliani. DSM inataka ugonjwa uwe umedumu miezi 6 kabla ya kuitwa skizofrenia, ilhali ICD ya Shirika la Afya Duniani inaridhika na mwezi mmoja. Mgonjwa aliye katika mwezi wa tatu anastahili jina hilo kwa mwongozo mmoja na halistahili kwa mwingine. Karatasi tatu za mgonjwa wetu, basi, hazithibitishi kwamba kuna daktari aliyezembea.

Hoja ya kuubakiza mpaka

Nguvu kuu ya msimamo huu ni tiba. Mwaka 1949 John Cade wa Australia aliripoti kwamba lithiamu inatuliza mania, ule msisimko uliopitiliza, na tangu hapo imethibitika kuwa inapunguza vipindi vya baipola na vifo vya kujiua. Ikitumiwa peke yake kwa mwenye skizofrenia, haina faida ya kutegemewa. Kwa upande wa pili, klozapini ilionyeshwa mwaka 1988 kuwasaidia watu wenye skizofrenia ambao dawa nyingine zimeshindwa. Anayefuta mpaka kabisa anaweza kumnyima mtu mmoja lithiamu na mwingine klozapini, na hayo si makosa ya kwenye makaratasi tu.

Tiba za kisaikolojia nazo zina njia tofauti. Kwa baipola, Ellen Frank na wenzake walijenga tiba inayolinda mpangilio wa siku: saa ya kulala, kuamka, kula na kukutana na watu, kwa sababu kukosa usingizi kunaweza kufungua mlango wa mania. Kwa skizofrenia, mazungumzo ya tiba huzunguka zaidi sauti anazozisikia mgonjwa, imani zinazomtisha, na jinsi anavyoweza kuzipima bila kudharauliwa.

Halafu kuna historia ya utotoni. Utafiti wa James MacCabe na wenzake kwa takwimu za Sweden, uliochapishwa mwaka 2010, uligundua kuwa vijana waliopata alama za juu kabisa shuleni walikuwa na hatari ya baipola karibu mara nne ya wale wa alama za wastani, na wenye alama za chini nao hatari yao ilipanda kiasi. Kwa skizofrenia ni alama za chini ndizo zinazotangulia ugonjwa. Mapito hayo mawili hayafanani, na mtu anayepima uwezo wa akili hawezi kufumba macho mbele yake.

Udhaifu wa msimamo huu unaonekana muda unapopita. Katika jimbo la New York, huko Suffolk, wagonjwa waliolazwa kwa mara ya kwanza kwa saikosisi walifuatiliwa kwa miaka 10. Karibu nusu yao walibadilishiwa jina la ugonjwa angalau mara moja, na wengi waliobadilika walielekea skizofrenia. Mwanafunzi anayewapima wagonjwa mara moja, ndani ya wiki mbili za kulazwa, na kuwagawa katika makundi mawili, anachora mstari ambao wengine kati yao watauvuka kabla hajafanya mahafali.

Hoja ya kuufuta

Msimamo wa pili ulipata nguvu kutoka kwa jeni. Mwaka 2009 Paul Lichtenstein na wenzake walichapisha uchambuzi wa zaidi ya familia milioni mbili za Sweden. Ndugu wa mtu mwenye skizofrenia walikuwa na hatari kubwa ya skizofrenia, na pia ya baipola; na kinyume chake hivyohivyo. Mwaka 2013 muungano wa kimataifa wa watafiti wa jeni ulikadiria kwamba uhusiano wa kijeni kati ya maradhi haya ni 0.68, pale ambapo 1 ingekuwa na maana kwamba athari za jeni za kawaida ni zilezile. Nick Craddock na Michael Owen wa Wales walikuwa wamekwishatangulia, mwaka 2005, kutangaza kuwa mwisho wa mgawanyo wa Kraepelin umeanza.

Hoja hii ina faida ya kuwaondolea watu woga. Mgonjwa aliyebadilishiwa jina hahitaji kuamini kwamba alidanganywa, na familia yenye mjomba mwenye skizofrenia na binti mwenye baipola haihitaji kutafuta laana mbili.

Lakini 0.68 si 1. Kupungua kwa kipande fulani cha kromosomu ya 22 huongeza sana hatari ya skizofrenia bila kuonyesha athari ya namna hiyo kwa baipola. Pia damu na mate yaliyotumika katika tafiti kubwa yametoka zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, na kwa sehemu Asia Mashariki, wakati Afrika ndiyo yenye utofauti mkubwa zaidi wa jeni duniani. Kubwa kuliko hayo, kwa mtazamo wangu, ni kwamba ushahidi wa jeni unaeleza asili ya hatari katika umma mzima. Haumwambii mwanasaikolojia amwambie nini mama aliyeketi mbele yake Jumatatu asubuhi.

Hoja ya kuacha majina na kufuata dalili

Kundi la tatu linasema ugomvi wa jina moja au mawili umekosewa tangu mwanzo. Richard Bentall, mwanasaikolojia wa Uingereza, kwa miaka mingi amedai kwamba anayetaka kuelewa sauti azitafiti sauti, anayetaka kuelewa imani za kuandamwa azitafiti hizo, kwa wote walio nazo, bila kujali faili limeandikwa nini. Taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani nayo, chini ya Thomas Insel, ilianzisha mfumo wa RDoC unaopima kazi za ubongo na mwenendo kama hofu, umakini na usingizi badala ya majina ya magonjwa. Mtandao wa B-SNIP, uliochunguza kwa pamoja watu wenye skizofrenia, skizoafektivu na baipola yenye saikosisi, ulitoa matokeo mwaka 2016: vipimo vya ubongo na akili vilitoa makundi matatu, na kila moja lilikuwa na watu wa majina yote.

Kwa mwanasaikolojia njia hii inavutia kweli, na mfano bora ni hali ya nyumbani. Kuanzia George Brown na wenzake huko London, kisha Christine Vaughn na Julian Leff mwaka 1976, ilionekana kwamba wagonjwa wa skizofrenia wanaorudi katika nyumba zenye lawama nyingi, uhasama, au ndugu anayejibebesha kupita kiasi kila pumzi ya mgonjwa, hurudiwa na ugonjwa mara nyingi zaidi. Baadaye David Miklowitz na wenzake waliona jambo hilohilo kwa baipola. Hapa kuna kitu kimoja, kinachopimika, kinachovuka mpaka, na ambacho mtu aliyefunzwa anaweza kukibadilisha. Jeni hatuwezi kuzibadilisha. Lawama za kila asubuhi zinaweza kupunguzwa.

Udhaifu wake ni wa kivitendo. Hospitali, bima, orodha ya dawa muhimu na takwimu za wizara zinatumia majina. Tasnifu inayozungumzia "watu wenye sauti" pekee haitamfikia kirahisi anayeagiza dawa wala anayepanga bajeti. RDoC yenyewe imelaumiwa kwa kuegemea mno kwenye ubongo na kuchelewa kuleta tiba. Makundi ya B-SNIP nayo yanahitaji vifaa vya kupima mawimbi ya ubongo na sampuli ambazo mwanafunzi wa uzamili hawezi kuzigusa.

Mazingira ya kwetu yanaongeza nini

Mjadala huu wote umekulia Ulaya na Marekani. Ukiletwa katika hospitali za magonjwa ya akili za Mirembe, Dodoma, au Mathari, Nairobi, au Butabika, Kampala, unakutana na mambo ambayo vitabu vyake havikuyaweka mbele.

La kwanza ni maradhi mengine yanayovaa sura ya haya. Malaria kali iliyopanda kichwani, kifafa, kaswende, maambukizi ya VVU kwenye ubongo: yote yanaweza kuleta maneno yasiyoeleweka na mwenendo wa mania. Uganda, Etheldreda Nakimuli-Mpungu na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba mania inayotokana na VVU ilikuwa na sura yake, na iliwakumba zaidi wanawake na watu wa umri mkubwa kidogo kuliko baipola ya kawaida. Mwanafunzi asiyeuliza habari za VVU na kifafa atakuwa anahesabu baipola ambayo si baipola. Ongeza bangi, na mirungi kwa maeneo inakotafunwa, ambavyo huchanganya picha ya mwezi wa kwanza kabisa.

La pili ni njia ya mgonjwa kufika hospitali. Wengi hupita kwanza kwa mganga, kwa sheikh wa ruqya au kwenye maombi, na hukaa huko kwa majuma au miezi. Wanaofika wodini ni wale ambao hali imezidi, hasa wanaume waliozua vurugu. Mwanamke mwenye skizofrenia ya kimya, anayekaa pembeni ya jiko bila kuongea, au mwenye baipola anayeonekana ni mvivu katika miezi yake ya sonona, haonekani katika takwimu za wodi. Ndiyo sababu utafiti wa Butajira, Ethiopia, una uzito. Wachunguzi walipita katika jamii, wakawafikia zaidi ya watu 68,000 wa umri wa miaka 15 hadi 49, na kuwafuatilia waliokutwa na maradhi makali ya akili. Waliowakuta na skizofrenia, wengi walikuwa hawajawahi kutibiwa hospitali, na hali zao kwa miaka iliyofuata hazikuwa nzuri.

Matokeo hayo yaligongana na imani iliyokuwa imeenea. Tafiti za Shirika la Afya Duniani zilizoanza miaka ya 1960, ambazo barani Afrika zilikuwa na kituo Ibadan, Nigeria, zilisema skizofrenia huwa na mwisho mwema zaidi katika nchi maskini. Ni rahisi kuipenda habari hiyo, kwa kuwa inazisifu familia zetu. Butajira inatulazimisha kuuliza ni familia zipi, na zilipata msaada gani.

Kazi ya Juli McGruder huko Zanzibar inasaidia kulijibu hilo kwa makini. Mwanaanthropolojia huyu kutoka Marekani alikaa na familia chache za wagonjwa waliokuwa wakihudhuria hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, akaona jinsi imani kwamba mashetani huja na kuondoka, na kwamba mtihani hutoka kwa Mungu, zilivyowapa ndugu namna ya kumstahimili mgonjwa bila kumlaumu yeye binafsi. Si kila nyumba ilikuwa na utulivu huo. Wala McGruder hakudai kuwa mashetani ni tiba. Alichoonyesha ni kwamba lawama ndogo nyumbani ina mizizi katika maana ambazo watu wanaupa ugonjwa, na maana hizo zinaweza kutafitiwa kwa Kiswahili, na watu wanaoishi ndani ya Kiswahili.

La tatu ni kwamba hata mradi mkubwa wa jeni katika ukanda huu uliamua kutotenganisha wakati wa kuandikisha. NeuroGAP-Psychosis, uliofanyika Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini, na kwa Kenya kupitia Chuo Kikuu cha Moi na kituo cha Kilifi, ulipanga kuandikisha wagonjwa wasiopungua 17,000 na watu wasio wagonjwa idadi kama hiyo. Mwenye skizofrenia, mwenye skizoafektivu na mwenye baipola waliingia kwa mlango mmoja, huku jina la ugonjwa wa kila mmoja likiandikwa. Mradi huo uliambatana na mafunzo ya watafiti chipukizi wa Kiafrika, ya GINGER. Mpangilio huo wa mlango mmoja na majina yaliyohifadhiwa ni somo ambalo mwanafunzi asiye na mashine za jeni anaweza kulichukua kesho.

Miaka miwili na wagonjwa sitini

Hapa ndipo mjadala wa nadharia unapokutana na kalenda. Uzamili kwa kawaida ni miaka miwili. Darasa na mafunzo wodini hula sehemu kubwa, kibali cha kamati ya maadili huchukua miezi, na ukusanyaji wa data hubaki na miezi michache. Kinachowezekana ni kuwapima watu mara moja. Lakini tulishaona kwamba mpaka wenyewe ulizaliwa kwa kufuatilia, na kwamba jina la leo hubadilika. Tunamwomba mwanafunzi aamue kwa picha moja jambo linaloonekana kwa miaka tu.

Hesabu nayo ni kali. Chukua wagonjwa 60, 30 wa kila upande. Kwa viwango vya kawaida vya takwimu, idadi hiyo ina nafasi nzuri ya kugundua tofauti pale tu inapofika takriban robo tatu ya mkengeuko sanifu. Tafiti zilizolinganisha kumbukumbu na umakini wa watu wenye skizofrenia na wenye baipola kwa kawaida hukuta tofauti ndogo kuliko hiyo, kama nusu ya mkengeuko au pungufu. Kuigundua ya nusu kunahitaji watu wapatao 64 kila upande. Hivyo tasnifu nyingi zinaweza kuhitimisha "hakuna tofauti" kwa sababu tu wagonjwa walikuwa wachache, kisha hitimisho hilo likanukuliwa kama ushahidi wa kuufuta mpaka. Huu ndio udhaifu unaonihuzunisha zaidi, kwa kuwa wagonjwa walitoa muda wao na siri zao kwa swali ambalo halikuweza kujibiwa tangu siku ya kwanza.

Ridhaa inahitaji uangalifu wa pekee, na magonjwa haya mawili yanatofautiana hapa. Mtu aliye katika mania hutia sahihi kila karatasi kwa furaha, na kesho akitulia anaweza kujuta aliyoyasema. Mtu anayeamini anaandamwa huona kinasa sauti kama ushahidi wa njama. Wote wawili humwita mwanafunzi "daktari", na wengi wao hudhani mahojiano ni sehemu ya tiba, kwamba wakikataa watakosa dawa. Kipimo kifupi cha uwezo wa kuelewa ridhaa, cha aina iliyotumika NeuroGAP, ni lazima, na hakitoshi. Inafaa kurudi kwa mgonjwa akiwa ametulia na kumuuliza tena kama bado anakubali maneno yake yatumike. Kurudi huko kunakula siku, na ratiba za vyuo hazikuziweka.

Nini kipewe uzito

Kwa swali la mwanasaikolojia tiba, yaani kurudiwa na ugonjwa, maisha ya nyumbani, usingizi, kuendelea na dawa, ushahidi unaelekea kwenye kuwaandikisha wagonjwa wa pande zote mbili pamoja. Hoja ya kufuata dalili na hali inashinda hapo, kwa sababu mambo hayo yanavuka mpaka na ndiyo yanayoweza kubadilishwa. Mradi wa KUPAA, uliofanyika Dar es Salaam na Mbeya, ulitoa elimu kwa watu wazima wenye saikosisi wakiwa pamoja na ndugu zao, familia kadhaa katika kikundi kimoja. Kazi ya namna hiyo haihitaji kwanza kumaliza ugomvi wa mwaka 1899.

Lakini jina la ugonjwa liandikwe, kwa vigezo vilivyotajwa, na liandikwe tena kila mgonjwa anapoonwa. Hoja ya kubakiza mpaka inashinda pale tiba inapotofautiana. Lithiamu inahitaji kupimwa katika damu, kwa kuwa kiasi kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana, na vituo vingi vya wilaya havina kipimo hicho. Matokeo yake mwenye baipola huishia kwenye haloperidoli au sindano ya mwezi kama mwenzake mwenye skizofrenia. Mtu anaweza kusema basi jina halina kazi kama dawa ni ileile. Nasema kinyume: tukiacha kuandika nani ana baipola, hakuna atakayejua ni wangapi wanakosa lithiamu, na maabara haitanunuliwa kamwe. Gharama ya kuwachanganya bila kumbukumbu italipwa na mgonjwa.

Hoja ya kuufuta mpaka kabisa ninaipa uzito mdogo kwa mwanafunzi wa hapa, ingawa ni ya kisayansi na ina ushahidi mzito. Inafaa kumfundisha unyenyekevu mbele ya majina. Haimpi cha kufanya wodini.

Kinachobaki ni muda, na hapo lawama si ya mwanafunzi. Idara inayopokea wanafunzi watano au sita kila mwaka, kila mmoja akianza upya na dodoso lake na wagonjwa wake 60, inatupa kila mwaka mbegu ya utafiti mkubwa. Idara hiyohiyo ingeweza kuwa na kundi moja la wagonjwa linaloendelea, kwa kibali kimoja cha maadili kinachohuishwa. Kila mgonjwa anayekubali apimwe kwa mahojiano yaleyale ya utambuzi, kipimo cha mania, kipimo cha dalili za saikosisi, utendaji wa kila siku, maswali ya VVU, kifafa, bangi na mirungi. Kila mwanafunzi aongeze swali lake moja na awamu yake moja ya kuwafuatilia wagonjwa wa waliomtangulia. Baada ya miaka mitano kungekuwa na mamia ya watu wanaojulikana, na wa kwanza wao wangekuwa wamefuatiliwa miaka yote mitano.

Pingamizi zipo, na si ndogo. Wasimamizi hubadilika. Namba za simu hubadilika pia, hivyo ya ndugu wawili ni muhimu kuliko ya mgonjwa mwenyewe. Vyuo vinataka kazi ionekane kuwa ya mwanafunzi peke yake, na kanuni za tasnifu zingelazimika kutaja wazi sehemu iliyo ya pamoja na iliyo yake. Data, ambayo sasa aghalabu hubaki katika kompyuta mpakato ya mhitimu na kuondoka naye, ingepaswa kutunzwa na idara chini ya ulinzi mkali, majina yakiwa yametengwa na majibu. Hayo yanahitaji karani mmoja wa kudumu na kabati linalofungwa kabla ya kuhitaji ruzuku kutoka ng'ambo, na mkuu wa idara anaweza kuyaanza na wanafunzi wa mwaka huu.